Simu Iliyo Chini ya Mto



Wazazi kadhaa wametujia siku hizi, mmoja mmoja na kwa sauti ya chini, na malalamiko yao yamefanana hata mtu angedhani wamepanga. Mtoto hali tena na wenziwe. Akiitwa haitiki. Aliyekuwa wa kwanza kufika madrasa Jumamosi sasa ni wa kuburutwa. Alama zake za skuli zimeshuka, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, na akiulizwa ana nini hujibu kwa Kiingereza kwamba hana kitu, kisha hufunga mlango wa chumba chake. Wazazi hao hawakuja kutuuliza habari za maradhi. Walikuja kutuuliza habari za adabu: mtoto huyu ameharibika, tumfanye nini? Sisi tuliosimama mbele ya watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kwetu na kisha huku Uingereza, tunaona kwamba swali hilo limeanzia mahali pasipo pake, na ndiyo sababu tumeomba nafasi ndefu kidogo katika toleo la mwezi huu.

Kwanza tuitendee haki simu yenyewe. Pengine hapana watu walionufaika na chombo hiki kuliko sisi tulio mbali na kwetu. Wengi wetu tunazikumbuka zama za kusema barua ndani ya kaseti na kumpa msafiri aifikishe Unguja au Mombasa, na zama za kadi za simu zilizokwanguliwa kwa sarafu, unazungumza na mama yako huku sauti ya mashine inakukumbusha kwamba zimebaki dakika mbili. Leo, kwa WhatsApp iliyoanzishwa mwaka 2009, bibi anamwona mjukuu aliyezaliwa Birmingham kabla hajafutwa jasho la kuzaliwa. Harusi tunazihudhuria kwa simu, na maziko pia. Kwa hiyo mzazi wa kwetu akimwambia mwanawe kwamba simu ni shetani, mtoto humtazama tu, kwa kuwa jana usiku alimwona baba huyo huyo amejifunika shuka na uso wake unang'ara kwa mwanga wa simu, anasikiliza khabari za nyumbani mpaka saa saba.

Hata hivyo simu aliyonayo baba na simu aliyonayo binti wa miaka 13 ni vitu viwili, hata kama zimenunuliwa duka moja.

NJIWA WA SKINNER

Mtu aliyesomea ualimu zama zetu hakukosa kufundishwa habari za Skinner, bingwa wa saikolojia wa Kimarekani, na njiwa wake. Aliwatia njiwa katika sanduku lenye kidude cha kudonoa. Njiwa aliyepewa punje kila anapodonoa alidonoa mpaka akashiba, na punje zilipokoma naye aliacha upesi. Njiwa aliyepewa punje mara hii, akanyimwa mara kadhaa, akapewa tena bila ya kujua ni lini itakuja, huyo alidonoa bila ya kuchoka, na hata punje zilipokatwa kabisa aliendelea kwa muda mrefu. Tulipokuwa tukijibu mitihani juu ya njiwa hao hatukupata kufikiri kwamba iko siku watoto wetu watabeba sanduku lile mfukoni.

Kijana anapofungua Instagram, TikTok au Snapchat, hajui atakuta nini. Pengine hapana kitu. Pengine rafiki ameisifu picha yake, pengine adui ameitukana, pengine imekuja video ya kuchekesha. Kwa kuwa hajui, hudonoa tena. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokuwa na mwisho: kila unaposogeza kidole, mambo mengine hujileta yenyewe. Kitabu kina mwisho wa sura, gazeti lina ukurasa wa nyuma, na hata televisheni tulizozizoea zilifika saa zikapiga wimbo wa taifa zikazimwa. Ukurasa huu hauna pahala pa kumwambia mtoto kwamba sasa basi. Raskin mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia alichokibuni. Mwaka 2009 Facebook nayo ikaleta kitufe cha kupenda, na tangu hapo mapenzi ya watu yakaanza kuhesabiwa kwa tarakimu ambayo kila mtu huiona.

Biashara yenyewe ni ya matangazo. Kadiri mtu anavyokaa mbele ya kioo ndivyo anavyoonyeshwa matangazo mengi zaidi, na ndivyo kampuni inavyopata. Wanaotunga vyombo hivi ni watu wenye elimu kubwa na zana nzuri, na upande wa pili wa kioo yumo mtoto ambaye ubongo wake bado unajengwa, na ambaye katika umri wake hapana kitu kikubwa kuliko rai ya wenziwe.

Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa hadharani nyaraka za ndani za kampuni hiyo, ambayo pia inamiliki Instagram. Mlikuwemo uchunguzi wa kampuni yenyewe, ambamo wasichana 32 katika kila 100 walisema kwamba wanapojiona wabaya wa mwili, Instagram huwazidishia hisia hiyo. Kampuni ilijibu kwamba matokeo hayo yamefahamika vibaya, na wapo wasichana waliosema kwamba mtandao huo uliwasaidia katika mambo mengine. Na iwe hivyo. Kwa binti zetu jambo hili lina uzito wa ziada. Sura zinazosifiwa humo aghalabu si za rangi yao, nywele si zao, na mavazi si yao. Tunawajua wasichana wazuri wa haja waliokwisha kujisahihisha uso kwa programu ya simu kiasi ambacho hawataki tena kupigwa picha ya kawaida, hata siku ya Idi.

YALIYOMFIKA BINTI MMOJA

Tunayasimulia haya kwa ridhaa ya mama yake, bila ya majina. Binti alikuwa na miaka 14. Alikuwa mcheshi, mpenda kusoma, na mkalimani wa nyumba nzima: barua za manispaa yeye, daktari wa bibi yake yeye, hata kuiwekea simu ya mama yake nywila ni yeye. Katika muda wa miezi miwili akabadilika. Akaacha kula na watu. Akawa analala mchana akirudi skuli na kukesha usiku. Bibi yake akasema ni jicho. Mjomba akasema ni kiburi cha watoto wa Ulaya. Mama yake akamnyang'anya simu akaifungia kabatini, na hapo mtoto akalia kilio ambacho mama anasema hajapata kukisikia isipokuwa kwenye msiba.

Ukweli ulijulikana baadaye. Wasichana wa darasani kwake walikuwa na kundi lao katika simu. Mmoja alimpiga picha akivua viatu baada ya mchezo wa skuli, mtandio umemwanguka, akaisambaza pamoja na maneno ya kumdhihaki. Kila usiku palizuka dhihaka mpya. Zamani mwonevu aliishia kwenye lango la skuli. Mtoto akifika nyumbani akavuliwa sare, akapewa chai, alikuwa amesalimika mpaka kesho yake. Huyu wa sasa huingia mpaka kitandani saa saba ya usiku. Na kwa nini asizime simu? Tulimwuliza swali hilo, na jibu lake limetukaa mpaka leo. Alisema: nikizima, ndipo wanasema zaidi, na asubuhi kila mtu anajua isipokuwa mimi. Alilala na simu chini ya mto kama mlinzi anavyolala na rungu.

Lipo na jingine ambalo mama hakulijua alipoifungia simu ile kabatini. Mtu pekee ambaye binti alimweleza dhiki yake alikuwa ni binamu yake wa Zanzibar, mwenye umri kama wake, waliyekuwa wakiandikiana kwa Kiswahili usiku kwa usiku. Simu iliyomletea maudhi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimletea faraja, na aliponyang'anywa aliyakosa yote mawili kwa pamoja, huku dhihaka zikiendelea bila yeye kuziona. Mama alitaka kumwokoa, na hapana wa kumlaumu. Kilichosaidia hatimaye ni mambo ya polepole: mwalimu mmoja wa kike aliyekubali kusikiliza, skuli iliyolazimika kuwaita wazazi wa wale wasichana, daktari, na miezi ya kungoja zamu. Simu alirudishiwa, kwa masharti. Binti yupo, anasoma, ingawa bado hapendi kupigwa picha.

Si kila kisa kimeishia hivyo. Mwezi Novemba 2017 hapa London alifariki Molly Russell, mtoto wa miaka 14, kwa kujidhuru mwenyewe. Jamaa zake hawakuwa wamejua anachokitazama. Uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulipofanyika mwaka 2022 ilidhihirika kwamba katika miezi sita ya mwisho alikuwa amehifadhi, amependa au amewapelekea wengine vitu 16,300 vya Instagram, na katika hivyo 2,100 vilihusu huzuni kubwa, kujidhuru na kujiua. Mtandao mwingine, Pinterest, ulikuwa ukimtumia barua za kumpendekezea picha zaidi za namna hiyo, kama muuza duka anavyomwekea mteja bidhaa aipendayo. Daktari wa magonjwa ya akili aliyepewa vitu hivyo avikague alieleza kwamba hakuweza kulala vizuri kwa wiki kadhaa. Msimamizi wa uchunguzi, Andrew Walker, alihukumu kwamba mambo hayo yalichangia kifo cha mtoto yule kwa kiasi kisichokuwa kidogo.

WATAALAMU WANABISHANA

Yafaa tuwe waadilifu. Katika skuli za huku imekuwa kawaida kusikia kwamba simu ndiyo iliyowaharibu vijana wote, na Mmarekani Jonathan Haidt ameandika kitabu mwaka 2024 akidai kwamba utoto wenyewe uligeuzwa kati ya mwaka 2010 na 2015, pale simu zenye intaneti zilipoenea mikononi mwa watoto. Ni kweli kwamba hali si nzuri. Uchunguzi wa NHS wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba Uingereza karibu mmoja katika kila watano wenye umri wa miaka 8 hadi 25 ana dalili za tatizo la afya ya akili. Lakini je, simu ndiyo sababu? Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walizipitia takwimu za vijana 355,358 wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba matumizi ya vyombo hivi hayakuweza kueleza zaidi ya sehemu 0.4 katika 100 ya tofauti za hali njema baina ya vijana. Walisema, na hapo tulicheka, kwamba kula viazi mara kwa mara kulionyesha uhusiano wa karibu kiasi hicho hicho.

Makampuni yaliipokea khabari ile kwa furaha. Sisi walimu tulikumbuka jambo jingine. Darasa lenye wastani wa alama 60 linaweza kuwa na mtoto aliyepata 95 na mwingine aliyepata 10, na mwalimu anayeutazama wastani peke yake atampoteza huyu wa 10. Mwaka 2022 Orben na wenziwe walirudi kwenye takwimu za Uingereza, safari hii wakatazama umri mmoja mmoja. Wakaona kwamba kwa wasichana wa miaka 11 hadi 13, na kwa wavulana wa miaka 14 na 15, waliozidisha mitandao walionekana kutoridhika zaidi na maisha yao mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo miaka ambayo wengi wetu huwanunulia watoto simu ya kwanza, kama zawadi ya kuingia sekondari.

Daktari mkuu wa afya ya umma wa Marekani wa wakati ule, Vivek Murthy, alitoa onyo mwaka 2023 akasema kwamba wanaotumia mitandao zaidi ya saa 3 kwa siku wana hatari maradufu ya dalili za huzuni na wasiwasi. Kama ni mitandao inayowahuzunisha, au wenye huzuni ndio wanaokimbilia mitandao, hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Kwa mzazi aliye na mtoto mmoja chumbani, mlango umefungwa, mabishano hayo yana faida ndogo. Liko jambo moja ambalo halina mabishano makubwa, nalo ni usingizi.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku. Katika umri huo mwili wenyewe huchelewesha usingizi, kwa hiyo kijana asiyetaka kulala saa tatu ya usiku hafanyi ukaidi. Sasa tuzipige hesabu za nyumba ya Kiislamu mjini London katika mwezi wa Juni. Isha huingia karibu na saa tano ya usiku. Alfajiri ni mnamo saa tisa. Skuli inaanza kabla ya saa tatu ya asubuhi. Mtoto anayechukua ibada yake kwa dhati tayari amebakiwa na vipande viwili vya usingizi, na simu ikikaa baina ya Isha na Alfajiri kipande cha kwanza hakipo tena. Baada ya wiki mbili za hali hiyo hata mtu mzima angenuna, angesahau, angelia ovyo. Tunamwita mtoto mvivu na mkorofi, naye ana njaa ya usingizi.

Na tusisahau tunayowapelekea sisi wenyewe. Tangu Oktoba 2023 simu zetu zimejaa picha za Gaza, na wengine kati yetu wana jamaa mashariki ya Congo ambako khabari hazipungui. Mtu mzima huona picha ya maiti ya mtoto, huomba dua, huipeleka kwa kundi la ukoo ili wengine waone dhulma. Katika kundi la ukoo wamo watoto wa miaka 12. Kutaka watoto wetu wajue yanayowapata Waislamu na wanadamu wenzao ni haki na ni wajibu. Kuwatupia saa sita ya usiku, bila ya neno, bila ya mtu wa kukaa naye, ni jambo jingine. Tulimsikia mvulana mmoja akisema kwamba anaona aibu kucheza mpira kwa sababu ya aliyoyaona. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

KIDONGO CHEKUNDU

Ukimwambia mzazi wa kwetu kwamba mwanawe ana tatizo la afya ya akili, hasikii unachokisema. Wa Zanzibar husikia Kidongo Chekundu. Wa Bara husikia Mirembe. Wa Kenya husikia Mathari. Huona mtu aliyefungwa, anayesema peke yake barabarani, na binti ambaye hatapata mchumba. Ndiyo maana aibu huja kabla ya daktari, na mtoto anaambiwa asimweleze mtu.

Lugha yetu lakini si maskini kiasi hicho. Mbali na wazimu ipo huzuni, yapo majonzi, ipo simanzi, ipo jitimai ambayo wazee wa mwambao waliijua vizuri, ipo sonona ambayo siku hizi madaktari wameichukua kuwa jina la maradhi yenyewe. Watu wa kwetu husema moyo umeingia giza, roho imenidhiki, sina raha ndani ya nafsi yangu. Tatizo ni kwamba mtoto aliyekulia Leicester au Milton Keynes hakufundishwa maneno hayo. Kiswahili chake ni cha njoo, kula, osha vyombo, sali. Anazijua hisia zake kwa Kiingereza, na mama yake anazijua zake kwa Kiswahili, na katikati pana meza ya chakula iliyo kimya. Wazazi wenzetu, mtoto hawezi kutwambia kwa neno ambalo hatukumpa. Mseme mbele yake, hata kwa habari zenu wenyewe: mwaka ule tulipofika huku, kabla hatujapata kazi, moyo wangu uliingia giza. Akisikia mara moja kwamba mama naye alipata kuwa hivyo, na kwamba neno lake lipo, atalitumia.

Na yafaa tumwulize waziwazi. Wengi hudhani kwamba kumwuliza mtoto kama amepata kufikiri kujidhuru ni kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Madaktari wamelichunguza jambo hilo na wameona kwamba sivyo; aghalabu mwenye wazo hilo hupumua anapoulizwa. Kuwa na moyo mzito, au kujiwa na wazo la namna hiyo, si dhambi ya kukemewa. Ni mzigo wa kutuliwa. Kumsomea mtoto Qur'ani nako hakumzuii mtu kumpeleka kwa daktari, kama vile hatuachi kumpeleka aliyevunjika mguu.

Kwa daktari pana onyo moja. Katika nyumba nyingi za kwetu mkalimani ni mtoto mwenyewe. Ikiwa mgonjwa ni yeye, nani atafasiri? Wako wazazi waliokaa mbele ya daktari huku mtoto anafasiri maradhi yake kwa mama yake, anapunguza hapa, anaficha pale, ili asimtie mama huzuni. Huduma za NHS hutoa mkalimani bila ya malipo. Mwambieni mwandishi wa zahanati wakati wa kuchukua miadi kwamba mnahitaji wa Kiswahili. Kijana naye anaweza kuomba kuonana na daktari peke yake. Huduma ya watoto inayojulikana kwa herufi CAMHS ina msururu mrefu, kwa hiyo mwenye kuona dalili asingoje mpaka mambo yaive.

SIMU ILALE JIKONI

Sheria zimeanza kuamka. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama wa mitandao mwaka 2023, na tangu Julai 2025 makampuni yamewajibishwa kuwazuilia watoto mambo ya kujiua, kujidhuru na uchafu. Australia imekwenda mbele zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa hairuhusiwi kumpa akaunti aliye chini ya miaka 16. Yote ni kheri, lakini aliyepata kumlea mtoto wa miaka 13 anajua jinsi tarehe ya kuzaliwa inavyoandikwa upya kwa dakika moja.

Nyumbani, sisi tungeanza na kitu kimoja kidogo: simu zote, tunarudia zote, zilale jikoni. Ya baba, ya mama, ya watoto. Ziunganishwe na umeme pamoja, zifumbiwe mlango saa iliyokubaliwa. Mtoto atasema simu ndiyo inayomwamsha Alfajiri. Ni hoja nzuri, na dawa yake ni saa ya kengele ya bei ndogo. Baba atasema huenda usiku ikaja khabari ya msiba kutoka nyumbani. Basi ipigwe kengele yake kwa sauti kubwa huko huko jikoni. Msiba haujapata kuja kwa kunong'ona. Tumeyaona haya yakifanyika katika nyumba tatu nne, na wiki ya kwanza ni ya makelele. Wiki ya pili mtu husikia jambo la ajabu, watoto wanazungumza wao kwa wao chumbani.

Kunyang'anya kwa ghafla hatukushauri, kwa sababu mliyoiona katika kisa cha binti yule. Kwanza ajulikane ni nani anayemwandikia, yupi wa kumfariji na yupi wa kumtesa. Ujumbe wa matusi usifutwe. Ni ushahidi, na skuli haiwezi kusema haikuonyeshwa. Kwa wadogo ambao bado hawajapewa simu, subirini. WhatsApp yenyewe haimruhusu aliye chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti peke yake. Simu ya kawaida ya kupiga na kuandika inatosha kumjulisha mama kwamba basi limechelewa.

Kijana anayetaka kuzungumza na mtu asiyemjua anaweza kupiga simu Childline, 0800 1111, bila ya malipo, au Muslim Youth Helpline, 0808 808 2008, ambao hawahitaji kuelezwa Ramadhani ni nini. Samaritans husikiliza usiku na mchana kwa 116 123. Kwa NHS ni 111, kisha chagueni namba 2. Pakiwa na hatari ya saa ile ile, ni 999. Tunaomba ukurasa huu ukatwe ubandikwe kwenye mlango wa jokofu, pahala ambapo mtoto ataziona namba bila ya kuomba. Na mzazi anayeona vigumu kwenda kwa daktari au skuli peke yake atukute baada ya sala ya Ijumaa au kwenye darasa la Jumamosi. Tutakwenda naye, na hatutauliza zaidi ya atakayopenda kutueleza.